Mguu Wangu Kwenye Dirisha la Duka

Via dei Conciatori 9,
Ascoli Piceno.
14 Mei 1998

Mpendwa kaka Settimio,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na binti yako Graziella na mumewe, na wale wajukuu ambao kila picha ikija wamerefuka na suruali zimebaki pale pale. Mgongo unasemaje? Na lile sikio la kushoto, limekubali dawa au bado ni mapambo? Naambiwa huko Melbourne baridi ndiyo inabisha hodi, wakati sisi huku tumeshaanza kulalamikia joto. Vaa soksi mbili, kaka. Umevisha miguu ya watu maisha yako yote, usije ukaisahau yako.

Sisi hatujambo. Loredana wangu hajambo isipokuwa goti, nalo analitumia kama kalenda: likiuma, mvua itanyesha; lisipouma, itanyesha kesho yake. Shangazi Adalgisa bado anapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, na bado anawasema wanaoshikwa.

Mimi ninaendelea na shule yangu ya udereva. Juzi mwanafunzi mmoja alipandisha gari kwenye ngazi za benki, akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba alidhani ni matuta. Nywele zilizobaki ninazitunza moja moja. Tumbo halihitaji kutunzwa, linajitegemea.

Nina neno nawe, kaka. Lakini mama zetu walitufundisha kwamba hata anayekwenda kugombana hupiga hodi kwanza. Basi nimepiga hodi, na sasa ninaingia.

Kama ujuavyo, binti yetu Noemi anaolewa Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Kijana anaitwa Jacopo, ni mtu wa Firenze, mpole, anakula kila anachopakuliwa. Mama yake ni mjane aitwaye Ottavia. Huyu Ottavia anajua kila duka la nguo na ngozi kuanzia Milano mpaka Roma, na wauzaji nao wanamjua. Nadhani wengine wakimwona hujificha nyuma ya mapazia. Alipotutazama mimi na Loredana mara ya kwanza, kuanzia kola hadi pindo, niliona kabisa anafanya hesabu ya kazi iliyo mbele yake.

Ndipo akaamua kututembeza. Tulianzia Bologna kwa ajili ya gauni la Loredana. Kila Loredana aliposhika kitu anachokipenda, Ottavia alitikisa kichwa. "Mpenzi wangu, rangi hiyo ni ya mtu anayetaka kufanana na ukuta." Mwishowe Loredana akachukua la buluu iliyoiva, na lazima nikiri lilimkaa. Mimi nilivalishwa koti, nikavuliwa, nikavalishwa jingine. Fundi alinipima kiuno, akanipima tena kama mtu asiyeamini kipimo chake.

Kesho yake tukawa Firenze kutafuta mkoba na glavu. Ulitufundisha wewe kunusa ngozi kabla ya kuuliza bei, basi nilinusa kila mkoba mpaka muuzaji mmoja akaniuliza kama nina mafua. Ottavia mbele, Loredana nyuma yake, mimi nyuma kabisa nimejaa mifuko. Nilikuwa punda wa msafara, na punda haulizwi maoni.

Lakini nitakwambia kitu. Nilikuwa nimevaa vile viatu vya kahawia ulivyonishonea. Kutwa nzima juu ya mawe yale ya Firenze, na hakuna aliyeniona nikichechemea hata hatua moja. Nikasema moyoni, Mungu ambariki Settimio huko aliko. Ndiyo, kaka. Nilikuombea dua, na tulikuwa tumebakiza duka moja tu.

Unajua vizuri mguu wangu wa kushoto ulivyo. Ule ugonjwa wa utotoni uliuacha mfupi kwa upana wa vidole viwili, na unyayo umejikunja kama mkate uliotolewa tanuri kabla ya wakati. Waliokuwa wakijua ni wawili tu: wewe, uliyenishonea viatu na kuinua kisigino kwa ndani kwa ule mti laini wa vizibo vya mvinyo. Na Loredana, kwa sababu unayelala naye kitanda kimoja humfichi mguu. Noemi hakujua. Wenzangu wa pale kwenye kahawa ya asubuhi hawajui. Ufukweni mimi ndiye mwanamume pekee anayekaa na viatu, na watu wamezoea kusema Oreste ana maringo.

Basi tukafika kwenye duka lile. Dirishani kila mkoba ulikuwa umening'inizwa kwenye mguu wa mbao, na glavu zimevalishwa juu ya vidole. Nikatabasamu. Nilizitambua mara moja kuwa ni kalibu za fundi viatu, zile mnazochonga kufuata mguu wa mteja na kuvutia ngozi juu yake. Nikadhani ni za marehemu fundi fulani wa huko. Nikamhurumia!

Tulipoingia, Ottavia akanyanyua mguu mmoja uliokuwa umebeba mkoba wa ngozi ya ndama.

"Mama yangu! Hebu mtazameni huyu maskini. Huu mguu au kiazi?"

Loredana akanibana kiwiko.

"Huo ndio tunaupenda kuliko yote, mama," akasema mwenye duka, mwanamke mchangamfu, miwani kifuani. "Mingine ni miguu tu. Huo una tabia."

Ottavia akaugeuza, akasoma chini. Jina lilikuwa limeandikwa kwa kalamu yako ya zambarau, kwa ule mwandiko wako wenye O iliyolala kama yai: O. Capriotti, Ascoli.

"Capriotti? Si ndio nyinyi?"

"Babu yangu," nikasema. "Marehemu."

Nilijizika mwenyewe pale pale, bila hata padri. Na ningebaki kaburini kwa amani kama mwenye duka asingekuwa na moyo mwema wa kunifufua.

"Aa, hapana, bwana, huyo yu hai! Fundi mwenyewe alituuzia kabla hajaenda Australia. Mzee mcheshi kweli. Alituhadithia habari ya kila mguu. Huyu, alisema, anafundisha watu kuendesha gari. Alisema ndiyo kazi bora aliyopata kuifanya maishani, kwa sababu mwenye mguu huu anatembea mjini wima kama bwana harusi, na hakuna hata mmoja anayeshtuka. Alivyokuwa akisimulia, alicheka mpaka machozi."

Ottavia akatazama viatu vyangu. Mwenye duka akatazama viatu vyangu. Hata Loredana akavitazama, kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

Sasa ningefanya nini, kaka? Nikaketi kwenye kiti chao cha mahameli, nikavua kiatu cha kushoto, nikaweka mguu wangu kando ya ule wa mbao. Walikuwa mapacha, ila wa mbao haukuwa na soksi iliyotoboka. Ndiyo, ilitoboka. Kidole gumba kilikuwa nje kikiangalia mikoba.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Ottavia aliinama akaniambia kwa sauti ya hospitali, "Oreste, na mguu huo umenibebea mifuko kutwa nzima? Nipe." Akanipokonya mifuko yote. Kuanzia hapo alipunguza mwendo. Alinifungulia milango. Kila penye kizingiti alisema "angalia hapo," mimi ambaye nimefundisha nusu ya mji kuangalia mbele. Kaka Settimio, hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia tangu utoto wangu. Si kucheka kwa watu. Ni huko kufunguliwa mlango.

Niliomba kuununua mguu wangu. Mwenye duka, sasa uso umemshuka kwa aibu, akasema hauuzwi, ni pambo la duka. Hapo Loredana, ambaye siku nzima hakuwa ametoa neno zaidi ya "ndiyo" na "sijui," akaurudisha juu ya meza ule mkoba wa ngozi ya ndama, aliokuwa ameshakubali kuununua. "Basi na mkoba wenu tundikeni kwenye miguu yenu." Mguu ukauzwa. Wakanifungia kwa karatasi nyororo, wakafunga na utepe, wakatia katika mfuko mzuri wenye jina lao. Nilitembea Firenze nikiwa nimebeba mguu wangu mkononi kama zawadi ya siku ya kuzaliwa.

Nikauliza, na wa kulia? Wakasema ule, kwa kuwa ni wa kawaida, wanazuilia mlango wa stoo. Nikawaambia waache. Angalau huo una kazi ya heshima.

Sasa nirudi kwako. Unakumbuka siku ile ya kuagana, mezani kwetu, tukila zile zeituni za Loredana zilizojazwa nyama? Noemi hakuwepo, na mimi ndiye niliyekuuliza, kwa sauti ya chini, "Na kalibu?" Ukaweka uma chini. Ukasema kalibu ya mteja ni kama maungamo, na fundi mwenye adabu akifunga duka huzichoma. Ukasema umezichoma zote nyuma ya duka, yangu ikiwa ya mwisho, na kwamba ulipoona moshi wake ulifanya ishara ya msalaba. Mimi nikasimama nikakukumbatia. Nikakumiminia mvinyo. Nawe ukanywa, kaka! Ukanywa, ukafuta midomo, ukaomba na zeituni nyingine.

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa na bahati. Changu kilikuwa kiatuni.

Kuuza, huenda ningekusamehe kabla ya kumaliza kahawa. Mtu anayehama nchi uzeeni huuza hata misumari. Ungeniambia, ningezinunua mimi, na tungecheka. Lakini ulisimulia. Ulisimama mbele ya watu usiowajua, ukawapa mguu wangu na hadithi yake, na kicheko juu yake.

Nimefikiri sana kwa nini, kwa sababu najua moyo wako si mbaya. Nadhani ninaelewa. Mchoraji hutundika picha yake ukutani, mwashi huonyesha watu mnara wake. Wewe kazi yako bora ilikuwa imefichwa ndani ya soksi yangu, na sifa yake yote ni kwamba haionekani. Miaka yote ile ulinitazama nikipita uwanjani, wima, na hukuwa na wa kumgusa kiwiko ukamwambia, "Unaona? Kazi yangu hiyo." Lazima ilikuwasha. Ninaelewa, lakini kuelewa hakujaniondolea uchungu hata kidogo. Siri ile ilikuwa ya watu watatu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiikanyaga.

Noemi nilimwambia mwenyewe, ili asiisikie kwa mkwe wake. Akasema, "Kumbe, baba. Mimi siku zote nilidhani hupendi kuingia baharini na mimi." Nikaenda kutengeneza kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

Kuhusu viatu vyeusi, vile vya mwisho ulivyonishonea kabla hujahama, kwa ajili ya siku Noemi atakapoolewa, na kusema ndivyo vizuri kuliko vyote: ni kweli, ni vizuri. Nimevifunga tena katika sanduku lao. Sitavivaa. Nimenunua jozi ya dukani, visigino sawa sawa kama vya watu wote, na kila jioni mimi na Noemi tunafanya mazoezi ukumbini kwetu. Ninachechemea vizuri tu. Anasema tukienda hivyo tutachelewa kufika madhabahuni, na kwamba Jacopo hana pa kwenda, atasubiri.

Nisalimie sana Graziella na mumewe, na wajukuu mmoja mmoja kwa jina lake. Shangazi Adalgisa anakusalimu. Sijamwambia lolote, kwa sababu angepanda meli aje huko. Loredana naye anakusalimu, ingawa ilibidi nimwombe mara mbili.

Mguu uko hapa mezani, umekalia bahasha hii isiruke na upepo. Ukipata kuniambia tena kwamba umechoma kitu, nisamehe, nitaomba kuona majivu.

Tiketi uliyokwisha kata ya kuja harusini Septemba usiirudishe. Umetengewa kiti kanisani, pembeni kabisa mwa ile njia ya katikati, ambako bibi harusi hupitishwa na baba yake. Njoo ukae hapo, ulitege lile sikio lako zima, usikilize hatua zangu nikipita.

Mungu akulinde barabarani na angani, na akupe usingizi mzuri, ingawa si usiku huu.

Wako akupendaye, hata hivyo,
Oreste