Jani Hulala Tumbo Chini

Jumapili, 5 Mei

Leo kaka kajaribu kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Mkono wa kulia haukunjiki. Vidole viwili vimenyooka kama vijiti, vingine vinafika nusu vinagoma. Nikainuka nimsaidie. Akanitupia jicho — nikakaa. Mama akajifanya anatafuta chumvi.

Mwaka mzima sasa. Na Kapteni anatembea mjini na mikono yake yote miwili, anapungia watu!

Naandika humu kwa sababu nikisema kwa mdomo mama ataanza: hasira hasara, mwachie Mungu. Nimemwachia Mungu mwaka. Mungu ana kazi nyingi. Nitamsaidia hii moja.

Jumatatu, 6 Mei

Mlimani. Tumezibua mifereji ya juu, ile inayotoa maji njiani yasije yakala ngazi. Matope mpaka kwenye meno. Kapteni kaja jua limeshapanda, buti zinang'aa. Tangu apewe ukapteni wa kikosi chetu cha kutunza njia, mlima anauona kwenye picha. Katutangazia: Jumamosi wageni kutoka ofisi kuu, wale wanaotuletea vifaa. Atawapandisha yeye mwenyewe hadi juu, wakaone "ngazi zangu za mawe."

Zangu!

Zile ngazi ni za kaka. Kila jiwe alilichagua yeye, akaligeuza, akalikalisha, akalirukia mbele ya watu kuona kama linacheza. Kapteni alisogeza jiwe moja tu pale, na hilo ndilo lililokula mkono wa kaka.

Niandike nisije nikasahau, ingawa kusahau siwezi. Sheria ya kikosi ni moja, hata mgeni wa jana anaijua. Mwenye mtaimbo anauliza: "Wazi?" Aliye chini anajibu: "Wazi!" Bila jibu jiwe halisogei. Siku ile Kapteni aliuliza, hakungoja. Kaka alikuwa bado anapanga kokoto chini ya jiwe. Halafu kwenye kikao Kapteni akasema kaka alijibu, kisha akarudisha mkono kwa mchezo. Kaka akatolewa kikosini kwa uzembe. Uzembe! Kaka ambaye hata kijiko hakiweki ovyo.

Domo, anayetupangia zamu, alikuwa pale, hatua mbili. Domo anayeongea mpaka usingizini. Kwenye kikao kauma ulimi. Alikuja kwangu baadaye, faraghani, machozi yanamtoka. Machozi yake niyafanyie nini, nimwagilie bustani?

Jumanne, 7 Mei

Nimepata. Nimepata!

Leo nimepewa kufunga njia ya mkato iliyochongwa na watalii wavivu. Hii kazi hakuna anayeniweza, ndiyo maana wananiita Sindano: nashona mlima, mshono hauonekani. Kwanza matawi makavu, lakini yasipangwe, yaonekane yameanguka yenyewe. Kisha ukoka na udongo wake. Mwisho majani. Na hapo ndipo wengine wanapoharibu — wanatupa tu. Kaka alinifundisha nikiwa mbichi kabisa kikosini. Jani lina mgongo na tumbo. Jani lililolala siku nyingi, tumbo lake bichi liko chini na mgongo mkavu uko juu. Ukilitupa kinyume, jicho la mtu linashtuka hata kama mwenyewe hajui limeshtuka nini. Kwa hiyo nageuza. Moja moja.

Nimemaliza, Kapteni kaja kukagua. Kauliza kwa ukali: iko wapi hiyo njia niliyokuambia uifunge? Nikamwambia, Kapteni, umeikanyaga.

Akacheka. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nimeshafika Jumamosi.

Jumatano, 8 Mei

Mpango. Ukipita ule mti uliopasuka na radi unafika njia panda. Kushoto njia mpya, tuliyoichimba baada ya kaka kuumia. Kulia njia ya zamani, tuliyoifunga. Zote mbili zinatokea kwenye ngazi, ila ya zamani inapita Sabuni, lile bamba la mwamba linalotiririka maji mwaka mzima. Zamani palikuwa na mnyororo, unashika kwa mikono miwili unavuka. Mnyororo tuliung'oa wakati wa kufunga.

Nitaifunga ya kushoto. Nitaifungua ya kulia, niifagie, iwe kama imepitwa jana.

Kapteni, mwenye mlima wake, atawapeleka wageni na viatu vyao vizuri mpaka Sabuni. Watasimama. Watautazama ule mwamba, kisha watamtazama yeye. Na njia nzima ya kurudi atasikia pumzi zao mgongoni. Hakuna atakayeumia, mtu mwenye akili akiiona Sabuni anageuka. Nataka aonekane tu. Nataka waseme mbele yake: huyu mlima haujui. Kaka aliitwa mzembe mbele ya watu. Mwosha huoshwa.

Nyumbani nimekuta vikombe viwili vya wageni mezani. Nimeuliza nani alikuja, mama kasema jirani. Kaka anapiga pasi sare yake ya zamani, kwa mkono wa kushoto, taratibu. Nikauliza ya nini. Eti isiliwe na nondo.

Halafu kaniuliza kitu. Mwaka mzima akisikia neno mlima anatoka nje — leo kauliza, bado mnapita pale kwenye mti uliopasuka? Nikasema ndiyo. Nilitaka kuongeza, mambo ya njia mpya na yote, nikayaacha. Nikaenda kuosha vyombo.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua. Hatukupanda. Tumenoa masururu stoo.

Mama jioni: unacheka nini peke yako? Nikamwambia nimekumbuka kitu. Kasema siku hizi nacheka vibaya.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeomba kuwa mkia kesho. Domo kanishangaa, maana ukia haupendwi na mtu. Mkia anatembea wa mwisho, anaokota sepeto zilizosahauliwa, anavuta vumbi la wote. Nikasema nataka tu. Kanipa bila kubisha. Tangu mwaka jana Domo hanibishii jambo.

Kesho kikosi kinatangulia na vifaa kungoja ngazini. Kapteni na wageni wanafuata nyuma, saa nzima hivi. Hiyo saa ni yangu. Wenzangu wakishapita njia panda nabaki.

Mama Stoo kanikagua filimbi. Huyu mama hutoi hata msumari stoo kwake bila filimbi shingoni. Kanirudishia somo kama mtoto: mkia akipuliza, walio mbele wanajibu kwa idadi yao, kila kichwa pulizo moja. Mko wanne, nne. Ikisikika tatu, mnarudi kutafuta. Nikamwambia Mama Stoo, nimelijua hilo kabla sijavaa buti. Kaitazama filimbi. Ni ya kaka, kamba yake nyekundu. Alinipa siku aliyotolewa, akasema mimi sina tena wa kumpulizia. Mama Stoo kaifuta kwa kanga yake, kanivisha.

Kesho Kapteni atakiona cha mtema kuni.

Jumamosi, 11 Mei, kabla ya kutoka

Mlango wa kaka umefungwa. Kwa kawaida huyu keshaamka zamani, anatembeatembea. Nikataka kugonga, mama akanizuia kama askari. Mwache alale.

Kanifungia mkate. Kanishika mashavu: "Leo utafurahi, mwanangu."

Mama naye ana utabiri! Nimemjibu, na mimi najua.

Jumamosi hiyohiyo, juu, ngazini

Tayari! Mikono inanuka udongo. Nimekaa kwenye jiwe la juu kabisa la kaka, daftari magotini ndani ya mfuko wake wa plastiki, wenzangu wanadhani naandika barua ya mapenzi. Ni mapenzi, kwa namna yake.

Kazi haijawahi kutoka vile. Nimeiziba ya kushoto mpaka mimi mwenyewe niliporudi nyuma hatua chache nikajiuliza ilikuwa wapi. Ya kulia nimeipiga ufagio wa matawi, nikaikanyagakanyaga. Nimeiacha inaita watu.

Ukungu umeanza kushuka. Bora zaidi. Atatoa jasho jembamba.

Kapteni na wageni wangekuwa wameshafika. Domo anatazama chini kila mara. Anachekacheka, ana siri, anataka kupasuka. Na Mama Stoo kapanda leo — Mama Stoo, na magoti yake yale! Kabeba gunia mwenyewe, kakataa kusaidiwa. Sasa analifungua. Katoa nyundo. Mpini wenye kitambaa chekundu, ile nyundo ya

Jumamosi, njia panda

Nyundo ya kaka. Nikamuuliza Mama Stoo, hiyo umemletea nani. Akasema, "Mwenyewe. Anakuja na Kapteni."

Domo ndipo akapasuka. Yote. Kapteni alikwenda nyumbani kwetu Jumatano nikiwa mlimani. Alikaa kwenye kiti chetu akalia mbele ya mama. Alimwomba kaka apande naye leo, hapa ngazini awaambie wageni na kikosi kizima kwamba hakungoja jibu, na ngazi ni za nani. Kaka akakubali. Akasema Sindano asiambiwe, aone kwa macho yake.

Vikombe viwili. Pasi. Mti uliopasuka!

Nimeshuka mbio, sikumbuki nimekanyaga nini. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitakimbia tena. Mama Stoo, magoti na yote, kanikamata mkanda hapahapa njia panda. Bila kamba haendi mtu: mmoja akianguka ni msiba, wawili ni upumbavu. Wavulana wawili wamekimbilia kamba stoo. Mimi kazi yangu nikae hapa, nipulize, wakijaliwa wajue pa kurudi.

Wageni wamesharudi. Watatu, matope mpaka mapajani, mmoja mama mtu mzima kapoteza kiatu. Wamesema hivi. Kapteni alifika hapa akasitasita, akasema kama kuna kona ya kushoto mahali fulani. Kaka akasema hapana, njia ni hii, nimeipita miaka. Na Kapteni akamwachia atangulie. Njia nzima alikuwa anawaeleza kwamba mkono wa yule kijana ni kosa lake. Kwa hiyo hata toba yake kaifanya bila kuniuliza mimi.

Kwenye mwamba wao wakaogopa. Kaka akawaambia msiogope, mbele kidogo kuna mnyororo. Akaingia ukunguni kuwatafutia. Mnyororo! Hajui. Nani angemwambia? Mimi ndiye ningemwambia, Jumatano, alipouliza. Wakasikia mawe yakiporomoka. Kapteni kamfuata hukohuko, hata mkoba hakuuvua.

Napuliza. Hakuna kitu.

Kaka kapita hapa, pale nilipoziba, nyayo za buti yake ya kulia ziko kwenye matope. Hakuona. Yeye aliyenifundisha hakuona. Na kuna sehemu yangu, Mungu anisamehe, iliyofurahi kwamba hakuona.

Napuliza tena.

Wageni wanang'aka. Kiongozi gani huyu asiyejua njia yake mwenyewe? Wenzangu wanaitikia. Kapteni huyu mlima haujui, si leo, siku zote. Mmoja kasema afukuzwe tu kwa uzembe, mtu amponze yuleyule mara mbili. Ni maneno niliyoyataka. Neno kwa neno, na mbele ya wageni. Nikinyamaza yatabaki hivyohivyo.

Mama Stoo ameinama upande wa kushoto, ametia vidole chini ya ukoka, umeinuka wote kama zulia. Ameutazama. Ameokota jani, akaligeuza. Tumbo, mgongo. Akaokota la pili. La tatu. Yote yamelala sawa.

"Leo mkia alikuwa nani?"

Kauliza polepole, hajamtazama mtu. Mgeni mmoja kauliza mkia ni nini.

Domo kanitazama. Domo ndiye aliyenipa ukia jana kwa mdomo wake. Midomo imefunguka. Kisha kaifunga. Kainamisha kichwa, anachezea kamba ya buti. Kanyamaza, kama alivyonyamaza mwaka jana kwenye kikao, na safari hii ni kwa ajili yangu.

Mama Stoo bado ameshika jani. Sasa ananitazama.

Nimepuliza.

Filimbi! Chini, upande wa Sabuni, mbali. Nzito, ni ya Kapteni. Kaka hana, ya kaka iko mdomoni mwangu. Lakini sheria ni ileile, mwenye filimbi anapulizia na wenzake, kila kichwa moja.

Imelia moja.

Wote tunangoja ya pili.