Namba Tano kwenye Friji Langu

Jumanne. Joto, upepo hakuna, nguo imenigandia mgongoni tangu saa mbili asubuhi. Nimeamka nikiwa na hasira na mtu mmoja. Sasa ni saa kumi na moja jioni na hasira imehamia kwa mtu mwingine.

Niandike kwa mpangilio, kama ninavyowadai waandishi vijana pale ofisini. Kwanza kilichotokea, maoni baadaye.

Nimepanga vyumba viwili kwa Bi. Zuhura, hapa Bagamoyo mjini. Mwaka jana nilinunua friji dogo, nikaliweka baraza ya uani kwa sababu chumbani hakuna nafasi. Friji likikaa uani linakuwa la uani. Sikuulizwa na sikulalamika. Kulikuwa na samaki wa mpangaji mwenzangu, chupa za maji za kila mtu, na Ramadhani juisi ya ukwaju ilijaa mpaka mlango ukagoma kufunga. Ndivyo watu wanavyoishi hapa, na mimi nimekula futari ya nyumba hii bila kufunga hata siku moja.

Halafu nikaanza kutengeneza bia.

Mama yangu alipika mbege, pombe ya ndizi, kule kwetu Rombo bila kipimo chochote, na wateja walimsubiri. Mimi nilitaka bia ya shayiri, ile ya dhahabu, kwa mikono yangu mwenyewe. Kule mlimani ubaridi ni wa bure. Hapa pwani hamira ikiachwa kwenye joto la nyuzi thelathini na mbili inaharibu ladha, bia inanuka kama rangi ya kucha. Inataka nyuzi kumi na tisa, usiku na mchana.

Fundi Dula wa Mapinga akanibadilishia friji. Alitoa rafu za ndani na vishikizo vya mlangoni ili ndoo ya lita ishirini iingie. Akakaza kitufe cha ubaridi mpaka mwisho. Kisha akafunga kidude kidogo chenye namba nyekundu kati ya friji na umeme, na waya wake akaubandika ubavuni mwa ndoo. Unakiwekea kumi na tisa. Bia ikipata joto zaidi ya hapo kinawasha friji, ikipoa kinalizima. Kazi safi.

Sasa kwenye nyumba ya Waislamu unasemaje kwamba friji la watu wote limekuwa la pombe?

Nilidanganya.

Nilisimama uani nikatangaza kwamba friji limeharibika, halipoozi tena, kila mtu achukue chake. Walichukua, wakanipa pole. Niliikubali pole hiyo bila kupepesa macho. Wiki tatu sasa.

Ndoo ya kwanza iliharibika. Hamira ililala katikati ya kazi, bia ikabaki tamu na nzito, nikamwaga. Nilidhani ni ugeni wangu. Ndoo ya pili, siku ya tatu, nilirudi kutoka Mbegani kikazi na kukuta kidude kimewekwa tano. Tano, siyo kumi na tisa. Bia ilikuwa imeshuka mpaka kumi na moja na friji linaunguruma bila kupumzika.

Nikarudisha kumi na tisa. Kesho yake jioni, tano tena.

Nilichunguza umeme kwanza. Nilichomoa waya mara sita na kuchomeka tena, namba ikabaki palepale. Nikampigia Dula.

"Dada, hicho kitu hakijibadilishi," alisema. "Hapo kuna mkono."

"Mkono wa nani?"

"Ah, huo sasa ni uandishi. Mimi fundi tu."

Nikafungua daftari. Miaka ishirini na saba nimeandika habari za watu wanaouza kiwanja kimoja mara tatu, na za vikao ambavyo muhtasari wake uliandikwa kabla ya kikao. Najua kufuatilia. Nilibandika kipande cha karatasi ya gundi juu ya vitufe na kukipigia mstari wa penseli unaoendelea mpaka kwenye kidude. Jioni mistari haikukutana. Aliyeitoa gundi alikuwa na adabu, aliirudisha.

Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa Maalim Hamisi, mdogo wake Bi. Zuhura. Anafundisha madrasa mtaa wa pili na kila siku baada ya Alasiri huja kunywa kahawa kwa dada yake, kiti chake hatua nne kutoka kwenye friji. Sababu anayo na nafasi anayo. Nilikuwa nimeshamhukumu. Juzi nikamkalia karibu.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, bibie. Leo umekaa kama polisi."

Nikasema kuna mtu anachezea kidude changu cha friji. Sikusema zaidi. Alikunywa kahawa yake mpaka kwenye machicha.

"Bibie, mimi nikitaka kuimwaga pombe yako nitaimwaga. Nibonyeze-bonyeze vinamba vya nini? Mimi mtoto?"

"Kwani unajua ni pombe?"

"Mtaa mzima unajua. Uani kunanuka mkate uliochacha, na hatujaona mkate." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Siipendi. Lakini nyumba ni ya dada, na wewe hujanywa mbele yetu. Mambo mengine namwachia Mungu."

Nilimwamini, jambo ambalo silifanyi mara kwa mara. Mtu anayekuambia usoni kwamba angemwaga hana haja ya kubonyeza.

Alibaki Bi. Zuhura. Sikutaka awe yeye. Ana miaka sitini na nane, mjane, ananiita mwanangu na kodi hajanipandishia tangu nije. Lakini daftari lilikuwa linamwelekea. Nanakili nilichoandika:

"Alhamisi, saa moja asubuhi: Bi. Z. kwenye mtungi wa maji, karibu na friji. Saa moja na nusu, tena. Saa mbili kasoro, tena."

"Ijumaa: ametoka kwenda msalani mara nne kabla sijaondoka. Kila mara anapita mbele ya friji."

"Jumapili: amesimama ameshika ukuta karibu na friji. Nimemwuliza, amesema anapumzika. Anaangalia pembeni."

"Jumatatu: gauni lake linampwaya. Hataki kula nami. Ananikwepa?"

Nilidhani ninaandika mienendo ya mtu mwenye hila.

Leo asubuhi niliaga kwa sauti kwamba naenda Fukayosi kwa habari ya mpaka wa mashamba na nitachelewa. Nikatoka, nikazunguka nyumba, nikarudi kwa mlango wa mbele na kukaa chumbani, dirisha la uani wazi kidogo. Si jambo la kujivunia, kumvizia bibi wa watu nyumbani kwake. Nilikaa dakika arobaini.

Alikuja akishika ukuta. Akafungua friji, akapeleka mkono nyuma ya ndoo, akatoa kopo dogo la samli na kulishikisha shavuni. Akatikisa kichwa. Akainama kwenye kidude, akabandua gundi yangu kwa ukucha na kubonyeza mpaka tano. Friji likaunguruma. Akaguna, ameridhika.

Nikatoka. Hakushtuka kama nilivyotaka.

"Fukayosi siku hizi ni karibu," alisema.

"Bi. Zuhura, kwa nini unaharibu kitu changu?"

"Na wewe kwa nini ulisema friji limeharibika?"

Nikaliangalia friji linavyounguruma.

"Friji bovu haliungurumi," akaendelea. "Nikasema huyu kachoka na samaki wetu, anaona haya kusema. Sawa, friji ni lake. Lakini mimi changu ni kidogo, hakili nafasi. Nikakirudisha nyuma ya hilo lindoo lako. Kila nikija nakuta hakijapoa vizuri. Umelipunguza makusudi tuchoke tuondoke. Na mimi nikawa naliongeza mpaka tano, chini ya hapo kidude kinagoma."

"Chako kipi?"

Alitaka kuondoka. Miguu ikamkatalia, akakaa chini sakafuni, taratibu, kama mtu aliyeamua kukaa. Kopo likabaki mkononi. Nikalifungua mimi.

Ndani kulikuwa na chupa mbili ndogo za dawa ya sukari, ile ya sindano. Moja ilikuwa na vipande vyeupe vinavyoelea. Nyingine kioo chake kilikuwa na ufa, kama chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye barafu.

Nieleze, maana nimelielewa hili nikiwa nimepiga magoti pale sakafuni na sitaki kulisahau. Kidude kinapima joto la bia, hakipimi joto la friji. Ukikiwekea tano, friji litafanya kazi mchana kutwa likijaribu kupoza lita ishirini, na bamba la nyuma litashika barafu muda wote huo. Kopo lilikuwa limekaa juu ya kile kidaraja cha nyuma kinachofunika mota, limeegemea bamba. Asubuhi aliweka tano, dawa ikaganda. Jioni mimi nikaweka kumi na tisa, ikayeyuka. Kesho yake vilevile. Yeye akijichoma kilichoyeyuka na kushangaa kiu haimwishi.

Kila mmoja wetu alikuwa anamtega mwenzake.

Nilisimamisha bajaji. Hospitalini muuguzi alimtoboa kidole na kile kipimo hakikuonyesha namba, kilionyesha kwamba sukari imepita uwezo wake wa kusoma. Wakamlaza papo hapo na kumtundikia maji. Muuguzi akainua kichupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii imekufa, mama. Umekuwa unajichoma maji."

"Mimi niliambiwa weka pa baridi," Bi. Zuhura alisema. "Sikuambiwa baridi nayo ina kiasi."

Nilikaa kwenye benchi nikasoma daftari langu tena. Kiu. Msalani. Ukuta. Gauni linapwaya. Nilikusanya dalili zote za mtu anayeumwa, kwa saa na dakika, nikaziandika vizuri. Kila mstari ni sahihi. Nilichokosea ni kichwa cha habari.

Mchana alipata nguvu kidogo akaniita karibu. Ameanza sindano miezi miwili iliyopita na hajamwambia mtu, hata Maalim. Binti yake Rukia, ambaye mimi namwita shoga, anaishi Dar, na kwa muda mrefu anataka kumchukua na nyumba iuzwe. "Akisikia sindano, hiyo ndiyo sababu aliyokuwa anaitafuta. Nitakaa ghorofani huko nimefungiwa kama kuku, na nyumba ya marehemu apewe mtu wa viwanja. Usimwambie."

Nilimwambia siwezi kumwahidi hivyo. Muuguzi ameshasema lazima awepo mtu anayejua anajichoma saa ngapi na amekula nini. Nilisema mtu huyo wa hapa nyumbani nitakuwa mimi akinikubali, na Rukia nitamwambia hivyo hivyo. Lakini mama yake amelazwa, atajua leo. Nimetunga uongo mmoja kulinda ndoo na umetufikisha kwenye kitanda cha hospitali. Wa pili siuanzi.

Akageukia ukutani. Nikadhani amelala au amekasirika, nikachukua mkoba.

"Basi ukimwambia langu," alisema bila kugeuka, "mwambie na lako."

Nimerudi saa tisa. Nimeitoa ndoo peke yangu na kuiweka pembeni ya chumba changu, ambako ni nyuzi thelathini na moja na zinapanda. Itaharibika kabla ya Ijumaa. Nimeondoa kidude, nimerudisha kitufe cha friji katikati, nimefuta, na nimemwomba Dula aje kesho na zile rafu kama hajaziuza. Ndani nimeweka glasi ya maji yenye kipimajoto, nimesoma kila nusu saa. Sasa ni nyuzi sita. Dawa inataka kati ya mbili na nane. Mlangoni nimebandika karatasi: "Friji ni zima. Karibuni."

Maalim amekuja kunywa kahawa na kukuta kiti cha dada yake kitupu. Nimemweleza yote hapohapo. Alisoma karatasi ya mlangoni, kisha akatoka kwenda hospitali. Sijui atasema nini akirudi. Sina haki ya kumchagulia.

Rukia amepiga mara mbili. Mama yake hapokei simu, na Rukia ameanza kuingiwa na shaka, na safari hii shaka ina msingi. Sijui atauza au hatauza, atakuja na gari la kubebea vyombo au atakuja na chakula cha kupeleka hospitalini. Hayo atayajibu yeye.

Simu iko mkononi. Sentensi ya kwanza nimeshaiandika, nimeikata mara nne, na imebaki hii:

Rukia, shoga yangu, friji langu halikuharibika.