Nilipoipa Katuni Sauti ya Brayo

Jumamosi, 1 Februari

Kibanda changu cha video kimejaa tena. Benchi la mbele wamekaa watano mahali pa watatu. Tumemaliza sehemu ya kumi na mbili, nusu kamili ya hii anime. Majitu ya chuma yamepigwa mpaka yakaanguka baharini, watu wakagonga mabati kwa furaha. Koo linaniuma. Katuni zinaongea Kijapani, maandishi ya Kiingereza yanapita chini mbio, na mimi na maikrofoni yangu nawasimulia watu wa mtaa wetu wa Lucky Summer kwa lugha yao. Kila mhusika nampa jina la mtaani. Shujaa nimemwita Kamaa. Rafiki yake anayemfuata kila mahali nimemwita Brayo.

Jina ni la rafiki yangu, na nilimpa sauti yake pia. Kile kicheko cha puani, "mazee" kila akifungua mdomo, ile tabia ya kuuliza chakula kabla ya salamu. Brayo mwenyewe alikuwa akikaa hapa pembeni yangu akifanya sauti za wanawake. Pikipiki ilimgonga Novemba, akafa. Nilijua watu watacheka, na wamecheka.

Sikujua mabati yanapitisha sauti hadi kwenye meza ya mboga ya mama yake, ng'ambo ya barabara. Siku hizi Mama Brayo anakuja kila Jumamosi. Anafunika sukuma kwa gunia bichi, anaingia, anakaa karibu na mlango. Leo alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Nilijiona mtu wa maana sana.

Jumapili, 2 Februari

Kevo wa benchi la mbele ameniuliza kama nimeshaona sehemu zilizobaki. Nimemcheka. Sitazami mbele, sijawahi. Madijei wa sinema wanaotazama mbele husimulia kama wanasoma hotuba ya chifu. Mimi nashtuka pamoja na watu wangu. Ndiyo maana wanatoka hata mtaa wa Baba Dogo kuja kunisikiliza.

Jumamosi, 8 Februari

Siku mbaya.

Sehemu ya kumi na tatu. Hakuna majitu, hakuna mji. Chumba cheupe, Kamaa kitandani, daktari, viti viwili. Nikadhani ni ndoto, nikatia utani. Ya kumi na nne, chumba kilekile. Watu wanaulizana vita viko wapi. Ya kumi na tano, daktari anamwuliza Kamaa rafiki yake alikufa lini.

Nilisoma nikanyamaza. Dijei hanyamazi. Kumbe vita vyote vilikuwa kichwani mwa Kamaa. Rafiki alikufa kabla hadithi haijaanza, na Kamaa amekataa kulijua hilo.

Nikaiona ile leso ya Mama Brayo pale mlangoni. Nikadanganya. Nikasema Brayo yuko sawa, kiti ni kitupu kwa sababu amepata kazi Mombasa. Tena nikalisema kwa sauti yake: "Mazee, mi nimeingia Mombasa, tutacheki."

Kevo akasimama. "Dijei, wacha uongo bana! Imeandikwa hapo chini. Huyo msee alidedi kitambo!"

Wakamvuta chini. Aliye karibu naye akamziba mdomo. Neno lilishatoka. Mama Brayo aliinuka akatoka taratibu bila kumsukuma mtu. Nami nikaendelea kusimulia. Hilo ndilo linalonichoma. Niliendelea.

Jumatatu, 10 Februari

Mama Brayo yuko mezani pake. Hatazami huku. Nimezunguka nyuma kama mwizi kwenda kununua nyanya kwa mtu mwingine.

Nina hasira na aliyetengeneza hii anime. Nani huanza na vita akakuletea viti? Hasira za bure. Nimerudia sehemu za mwanzo leo. Hakuna hata mtu mmoja, ila Kamaa, anayemsemesha yule rafiki. Rafiki hagusi mlango. Hali kitu. Mimi nilimjaza njaa ya Brayo nikacheka sana hata sikuona sahani yake haipungui.

Jumanne, 11 Februari

Nimefunga kibanda mchana nikatazama zote hadi mwisho, peke yangu. Mara ya kwanza maishani.

Mwishoni rafiki anasimama mlangoni, anageuka, midomo inacheza. Hakuna sauti. Hakuna maandishi. Anatoka. Basi. Imenishika kuliko vita vyote. Nimelia. Ningeitazama mapema ningempa jina lingine, lolote lile.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwenda kwa Mama Brayo. Alikuwa akikata sukuma. Nikasema pole. Kisu kikaendelea.

"Njoroge, unafikiri mimi sijui mtoto wangu alikufa? Ni mimi nilimzika kule Kakamega."

"Najua, Mama."

"Nilikuwa nakuja kumsikia tu. Hukuniomba ruhusa, lakini nikanyamaza, nikakuja. Sasa unasema ameenda Mombasa. Brayo hata akienda dukani alikuwa ananiaga."

Nilisimama tu, nimeshika mfuko mtupu. Akaniuliza sinema imebakisha nini. Nikamweleza ule mlango, ile midomo. Akakata sukuma yote iliyokuwa mkononi kwanza.

"Basi hapo mwache aniage. Halafu umwache."

Jumamosi, 15 Februari

Kabla ya kuwasha picha niliwaambia watu ukweli: wiki jana niliwadanganya, rafiki wa Kamaa alikufa. Kevo akainamisha kichwa. Waliotaka vita wakaenda zao, sikuwazuia. Mama Brayo akaketi mahali pake.

Ukafika ule mlango wa mwisho. Najua maneno. Brayo alipokuwa hai niliyasikia kila asubuhi kutoka ng'ambo ya barabara, akimuaga mama yake. Nikavuta pumzi, nikaitafuta ile sauti. Haikuja. Juzi tu ilikuwa hapa puani. Nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, imekwaruza, mbaya: "Mathe, nimeishia."

Mama Brayo akajibu kutoka pale alipokaa, mbele ya watu wote: "Haya, baba. Enda salama."

Nikazima maikrofoni. Picha ikajimalizia kwa Kijapani chake na hakuna aliyelalamika.

Jumatatu, 17 Februari

Jua kali. Mama Brayo amenisalimia na kuniongezea dania ya bure kwenye mboga nilizonunua. Kevo amekuja kuomba msamaha kwake, amechukua muda mrefu kuvuka ile barabara. Nimemwambia Jumamosi akae pembeni yangu, anasoma maandishi upesi kunishinda. Anime mpya ni ya wapishi. Nimeshaiona yote.

Nikichemsha chai nimejaribu sauti ya Brayo. Kicheko kinatoka kama cha mtu nisiyemjua. Nilikuwa nayo nzima, nikaimaliza kwa utani wa majitu ya chuma, na sikuirekodi hata siku moja. Ningemwomba mama yake anikumbushe ilivyokuwa. Lakini aliniambia nimwache.