Jogoo wa Herufi C

Mwamapalala, 15 Septemba 2024

Shangazi Domitila,

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Ngoja kwanza, nimeanza vibaya: mwangaluka. Sisi wazima, ng'ombe wazima, mvua bado. Wewe na dagaa wako huko Lamadi hamjambo?

Shangazi, asubuhi ya mtihani wa darasa la saba baba alinisindikiza mpaka njia panda. Akasema, "Evalina, usisome maswali. Siliba kiduara cha C tu, mwanzo mpaka mwisho. Ukifeli, serikali haitatusumbua, na mzee Shigela ataleta ng'ombe wake wa mahari." Nikasema, "Ndiyo, baba." Unanijua, mimi hata kuomba chumvi kwa jirani naona aibu.

Swali la kwanza nikasiliba C. La pili nikashindwa kutolisoma. Lilikuwa rahisi, Shangazi! Nikachukua kifutio, nikafuta ile C, nikajibu yote.

Niliporudi baba akauliza, "Umesiliba?" Nikasema nimesiliba. Akafurahi, akachinja jogoo, na firigisi, ambayo ni yake siku zote, akanipa mimi. Nikaila yote. Huo ni wizi?

Mwalimu Mariana alitufundisha kwamba mtoto ana haki ya kusoma na kutoozwa. Namna ya kumwambia baba hakutufundisha. Nina miaka kumi na nne tu. Matokeo yakitoka nitasemaje?

Mtoto wako,
Evalina


Lamadi, 29 Septemba 2024

Mwanangu Evalina,

Mhola. Mgongo unauma, mengine mazuri. Barua yako nimeisomea sokoni, nimecheka na kulia mpaka wateja wakanipa pole ya msiba.

Babu yako naye aliniambia nifeli. Nikafeli vizuri sana, nikaozwa. Baba yako alikuwa mdogo, akalia kuliko mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa namfundisha hesabu. Amesahau. Nitamkumbusha.

Na hiyo posa haiwezi kupokelewa mpaka shangazi aketi. Basi mimi siketi. Shigela akija aambiwe shangazi amesimama. Akibisha, ustawi wa jamii wilayani wana viti vingi, tutaketi naye huko.

Firigisi si wizi. Nyamaza mpaka nije.

Shangazi yako,
Domitila


Mwamapalala, 5 Januari 2025

Shangazi,

Mwangaluka. Mgongo umepoa? Mama anakusalimu, na bado anamwigiza baba siku ile ya matokeo, ulipomwuliza mbele ya watu, "Joakim, tisa mara saba?" naye akaruka kama mtoto wa shule, "Sitini na tatu, dada!" kisha macho yakamjaa machozi.

Mimi aliniambia neno moja tu: "Kumbe jogoo wangu umemla bure." Lakini kesho yake nilimsikia kwenye simu: "Mzee Shigela, binti amefaulu, anakwenda kidato cha kwanza. Ng'ombe wako endelea kuwachunga mwenyewe."

Sasa sikia. Wiki iliyopita nilimkuta ameinama uani akipima nyayo kwa kijiti. Nikadhani amepotelewa na ndama. Leo nimekwenda kutafuta gunia tupu la pamba, nikakuta ndani ya moja viatu vyeusi vya shule, vipya, na kijiti kile kile! Nimevijaribu, nikavirudisha guniani. Vinanipwaya vidole viwili, maana unyayo aliopima ulikuwa wa kwenye matope, nilipoteleza. Shangazi, nitavivaa hivyo hivyo, nitajaza

Vishindo mlangoni. Ni baba, namjua kwa kukohoa, na gunia linachakacha. Naificha karatasi chini ya mkeka, asijue nimeshaviona. Hapa nafanya mazoezi ya kushangaa