Usigeuke Akilia

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wiki iliyopita kimetulia. Sisi hapa hatujambo. Mwanetu anapanga na kupangua begi lake, na kila akipangua anaingia jikoni kuniuliza kama kweli lazima aende.

Kuna swali nililolibeba tangu tulipomzika baba yake, nami sijawahi kulijibu hata mbele ya wanafunzi ninaowafundisha maadili pale chuoni: huruma ya mzazi inakoma wapi, na woga wake mwenyewe unaanzia wapi? Mtoto huyu nimemlea kama yai ndani ya pamba, hata tukamwita Pamba kwa utani. Sasa ana miaka kumi na minne, halali bila taa, hulia kamba ya kiatu ikikatika, na akiumwa na mbu huniita kana kwamba amepigwa risasi. Nami humwendea. Kila mara humwendea. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na nimeanza kuyahisi machozi yangu yakija.

Ndiyo maana nimeridhia safari hii ya kambi ya ng'ambo, pamoja na theluji yake na kamba zake, na ndiyo maana nashukuru kwamba mwalimu atakayewaongoza ni wewe. Nakuomba jambo nisiloweza kumwomba mgeni. Usimdekeze. Akikuita mama mdogo, mkumbushe kwamba huko wewe ni mwalimu wake. Akilia, usigeuke. Mgeni angemwonea huruma kwa kuogopa lawama zangu. Wewe huna sababu ya kuniogopa.

Huenda nakosea. Lakini nimekosea upande mmoja kwa miaka mingi. Acha nijaribu upande wa pili.

Dada yako

*

9 Februari

Shikamoo dada,

Hatujambo, na kifua kimepona. Simu za watoto zimekusanywa tangu tulipofika, kwa hiyo habari utazipata kwangu kupitia kompyuta ya ofisi ya kambi. Baridi ya huku si ya kusimuliwa. Suruali ukiifua ukaianika, baada ya muda unaikuta imesimama yenyewe kama mtu anayengoja basi.

Siku ya kwanza tulivuka korongo kwa kamba. Mwanetu alifika katikati akaganda.

"Mama mdogo, nirudishe."

"Mama mdogo wako nani? Hapa kuna mwalimu na wanafunzi."

Wenzake wakacheka. Akaendelea kuning'inia pale akilia bila sauti, nami uvumilivu ukaniponyoka: "Haya, Pamba, songa basi." Dada, lile jina la nyumbani halikupaswa kutoka kinywani mwangu. Kabla hatujafika bwaloni walikuwa wamelikamata wote. "Msimguse Pamba, atachanika." "Pamba, umelowa? Tukukamue?" Kiongozi wa kundi lao, msichana wanayemwita Kamanda, akaniuliza mbele yake, "Mwalimu, posta ya huku inapokea vifurushi? Tumrudishe kwa mama yake." Nami nikacheka. Nisingecheka wangesema nampendelea wa damu yangu.

Mkufunzi wa kambi, ambaye watoto wanamwita Ndevu, alinivuta kando akaniuliza kama binti yule yuko sawa, maana anakula peke yake. Nikamwambia, "Huyo ni mtoto wa dada yangu. Nilimwogesha akiwa mchanga. Niachie mimi." Tangu hapo hajaniuliza tena.

Keshokutwa wana kitu kinachoitwa saa ya upweke. Nitakueleza.

Mdogo wako

*

11 Februari

Shikamoo tena dada,

Nakuandikia nikiwa bwaloni, kwenye kompyuta niliyoazima ofisini, mgongo ukiota moto wa jiko na kikombe cha chai mkononi. Watoto wako msituni. Kila mmoja ameachwa mahali pake, mbali na mwenzake, akae na mawazo yake hadi tutakapokwenda kuwachukua kabla ya jua kuzama. Kila mmoja ana filimbi. Atakayepuliza anafuatwa mara moja, lakini kundi lake lote halitapanda kileleni kesho. Ndiyo sheria ya kambi, na Kamanda alihakikisha Pamba ameielewa. "Ukipuliza," alimwambia akimfunga skafu shingoni kama dada mwema, "usirudi kulala chumbani kwetu."

Amepuliza hata chai yangu haijapoa. Ndevu alisimama akashika koti lake.

"Kaa," nikamwambia. "Huyo ni wangu. Anataka kubembelezwa."

"Una hakika? Sheria inasema tuende."

"Mama yake mwenyewe ameniomba nisiende."

Akanitazama, akalirudisha koti kwenye msumari. Mtoto akapuliza tena, akapuliza, filimbi ikawa inakatikakatika kama kuku aliyekabwa, na hapa nilipofika katika kuandika imenyamaza. Msitu wote umetulia. Nakiri moyo wangu ulikuwa ukinienda mbio, sasa umerudi mahali pake. Dada, nadhani umempata mtoto uliyemtaka.

Mdogo wako

*

12 Februari

Mdogo wangu,

U hali gani? Mimi leo ni mzima kuliko nilivyokuwa kwa miaka mingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mbele ya wenzangu ofisini. Tulipofika pale kwenye kuku aliyekabwa tulicheka hadi karani akaja kuuliza kuna sherehe gani. Mwenzangu anayefundisha mantiki alisema kwamba ukimya ule ndio sentensi ya kwanza ya utu uzima wa mtoto. Nikamwambia ataniruhusu kuiiba.

Mwambie mama yake anajivunia. La, usimwambie, sifa nazo ni namna ya kubembeleza. Mwache arudi nazo kimya, na begi lake alibebe mwenyewe.

Dada yako

*

15 Februari

Kwako,

Salamu sina.

Mkuu wa shule alinipigia nikiwa nasahihisha karatasi za mitihani. Alizungumza taratibu, kama anayesoma kumbukumbu za kikao. Mguu wa kushoto vidole vyote, wa kulia viwili. Alisema baridi ilikuwa imeviua, kwa hiyo "vimeondolewa," kama vitu vilivyokuwa njiani.

Ulimsikia. Ulikuwa na chai mkononi na jiko mgongoni, ukamsikia, na ukamzuia mwanamume ambaye hana udugu naye asimwendee. Nilikuomba uwe imara. Sikukuomba uwe kiziwi. Mtu mzima hutekeleza ombi kwa akili, si kama askari wa zamu. Lakini lawama ni yangu kwa kuchagua vibaya wa kumwomba. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nawe hukujaliwa.

Mimi niliyekuwa dada yako

*

24 Februari

Dada,

Leo sitakuamkia. Shikamoo ni ya mtu aliyepo.

Habari ya mgonjwa ni hii. Alikuwa akitafuta jiwe la kukalia, akakanyaga ukingo wa kijito uliofunikwa na theluji, na barafu ikapasuka. Viatu vikajaa maji. Alijaribu kuvivua, kamba zilikuwa zimeganda. Hapo ndipo alipopuliza. Hakunyamaza kwa ujasiri. Midomo ilishindwa kuishika filimbi. Wenzake wote walirudi wakiimba, na Ndevu ndiye aliyemtoa msituni akimbeba mgongoni. Tangu siku hiyo mwanamume yule hajanisemesha, na akinikuta koridoni hapa hospitalini hupishana nami kama anayepisha kitanda.

Uchungu ulioutaja ni kweli siujui. Lakini ninalala kwenye kiti kando ya kitanda hiki, na yule aujuaye simwoni. Mkuu wa shule ameniambia kwamba tiketi yako ipo, na barua ya hospitali ya kuombea viza unayo, ila ombi lenyewe halijafika ubalozini. Unasubiri nini? Unalitungia mhadhara?

Nilikutii. Ningemwendea ungesema namharibu. Nimekaa unasema nimemharibu. Ulitaka mkono wa kufanyia usilothubutu kulifanya, ukauazima wangu, na sasa unaurudisha na kusema una damu.

Wanamfundisha kusimama. Akiyumba nanyoosha mkono, anausukuma.

Mdogo wako, upende usipende

*

3 Machi

Mdogo wangu,

Nakujulia hali, na hali yake kupitia kwako, kwa kuwa simu zangu hazipokei.

Fomu ziko hapa mezani, zimejazwa zote isipokuwa sahihi. Nimejiambia ni mitihani. Nimejiambia ni hesabu ya siku za likizo. Sina hakika na hata moja kati ya hayo. Huenda naogopa jinsi atakavyonitazama. Huenda naogopa kwamba hatanitazama. Mtu aliyesoma huwa na faida moja mbaya, kwamba hakosi sababu.

Kwa hiyo nasema haya kwa uwazi. Atakaporuhusiwa, mrudishe. Nitakuwa uwanja wa ndege. Mkabidhi kwa muuguzi atakayetumwa na shule, kisha shika njia yako. Nyumbani kwangu huna tena mlango. Na asijue kamwe kwamba nilikuandikia neno lolote kabla ya safari. Nimebakiwa na kitu kimoja tu mbele ya mtoto huyu: anaamini kwamba akiita, mimi huja. Ukiniondolea hicho sina kingine. Nakuomba hili kama ndugu, hata kama udugu wenyewe tumeuua.

Dada yako

*

22 Machi

Dada,

Hujambo? Najua umegonga mlango wangu jana na juzi, na najua umesikia redio ikiongezwa sauti. Aliyeiongeza si mimi.

Pale uwanjani alikuona kabla hujamwona. Ulikuwa umesimama na maua, umevaa lile gauni la mahafali. Akamwambia muuguzi aliyekuwa akisukuma kiti chake, "Tutokee mlango ule mwingine." Muuguzi akamwambia, "Si yule mama yako?" Akajibu, "Ndiye." Tukatokea huko, tukaja kwangu.

Barua yako ya mwisho ilinikuta nimeshachelewa, na hata ingewahi sijui kama ningekutii tena. Aliniuliza siku ile walipomfungua bandeji mara ya kwanza.

"Mama mdogo, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Mbona hukuja?"

Nilikuwa nimeuandaa uongo mzuri, kwamba upepo ulikuwa mkali. Nikamtazama miguu, nikashindwa. "Mama yako aliniomba nisigeuke," nikamwambia. "Nami nilipenda kuombwa. Hakuwahi kuniomba kitu cha maana."

"Mama alijua naogopa?"

"Alijua. Ndiyo maana aliomba."

"Kwa hiyo alijua," akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga kabati. Kisha: "Nitakaa kwako."

Nikamwambia, "Kwangu? Mimi niliyekaa nikinywa chai?" Akageukia ukuta.

Shule imenifukuza, na ni haki yao. Nashinda nyumbani, namfunga bandeji, haniangalii. Nikipika anakula. Hajanisamehe, kama hilo linakufariji. Nguo zake anazihitaji. Usizilete mwenyewe.

Mdogo wako

*

30 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini mnaendelea vyema nyote wawili. Mimi ni mzima kwa maana ambayo daktari angeikubali.

Nguo anakuletea dereva wa chuo. Nimezipiga pasi zote, hata zile zisizopigwa pasi. Sitagonga tena.

Sikuandikii kukulaumu. Nimejaribu, na kila nikifika katikati ya lawama nakuta sahihi yangu. Wala siandiki kukusamehe. Kwa hilo ningehitaji kujua kwanza kosa lako linaishia wapi na langu linaanzia wapi. Nilikuwa na wiki nzima ya kulitafuta hilo, na ujuzi wa kazi yangu wote, nami sikulipata. Darasani ningewapa wanafunzi hoja ya aliyeagiza na hoja ya aliyetenda, kisha ningewaacha wabishane hadi kengele. Mtoto wa miaka kumi na minne amepima mwenyewe na kuamua, na mimi mwalimu siijui mizani aliyotumia.

Nimefikiri kwamba ananiadhibu, na kwamba wewe ni fimbo tu. Nimefikiri pia kwamba kwako anapumzika kwa sababu hakuna tena anachokitarajia, na kwamba kwangu angelazimika kuanza upya kutarajia. Usiku wa kuamkia leo nilifikiri jambo la tatu, baya zaidi: kwamba amekuchagua wewe kwa kuwa uliweza kukaa ukimsikia, naye anataka kujifunza jinsi inavyofanyika. Kila moja ina ushahidi wake. Hakuna hata moja ninayoweza kuithibitisha, kwa kuwa anayejua ni mmoja, na haongei nami. Ningeweza kukuomba umuulize. Lakini tumeona maombi yangu kwako huishia wapi.

Kwenye begi utakuta kila kilichokuwa kabatini mwake isipokuwa viatu. Viatu vyote nimevibakiza. Nilivipanga, nikavitoa, nikavipanga tena, dereva akipiga honi nje. Kumpelekea viatu vya mtu mwenye vidole ni ukatili. Kutompelekea ni kumwambia kwamba nimeshamhesabu hatatembea kuja popote, na huo pia ni ukatili. Sikuweza kuamua ni upi mdogo, dereva akaondoka.

Mama yake