Kwako Bagalwa, na Glasi Niliyokumiminia

Umetimia mwaka mmoja sasa, Bagalwa, tangu moyo wako uliposimama asubuhi ya Jumapili, ukifunga viatu twende misa.

Ulikuwa seremala hapa Katindo. Mjane akileta kiti kibovu, ulikitengeneza kwanza, wateja wakubwa wangojee.

Jioni ulikunywa kasiksi na wenzako. Nilipolalamika ulinicheka: "Mama Jeancy, hii si pombe, ni ndizi tu." Hukuwa unalewa, hukugombana na mutu. Basi tukadhani haikudhuru.

Kisha miguu ikavimba. Kutoka atelie yako ya useremala hadi nyumbani ukawa unapumzika mara mbili. Daktari akakupima tansio, yaani presha ya damu.

"Muzee, pombe ya miaka mingi imepandisha tansio na kuchosha moyo. Umetanuka, hausukumi damu vizuri. Hata usipolewa, unaumia."

Uliacha siku ileile. Miezi saba! Uvimbe ulipungua, ukaanza tena kuimba ukipiga randa.

Siku ya mahari ya binti yetu Joyeuse, wakwe walingoja unywe nao. Ulinitazama. Mimi ndiye niliyekumiminia glasi. "Papa Jeancy, moja tu, tusiwaaibishe." Ukanywa, zikafuata nyingine. Siku tisa baadaye ukaondoka.

Daktari aliniambia moyo ulikuwa umeharibika zamani, si kwa glasi ile. Mbele yake nilikubali. Nikiwa peke yangu simwamini.

Na peke yangu ndivyo zilivyo siku zangu zote. Joyeuse yuko kwa mume wake Rutshuru, mwanetu Jeancy anafanya kazi Bukavu. Wenzako wa kasiksi wakiniona barabarani wanavuka ng'ambo. Mvua ikipiga mabati, naongea kwa sauti ili nisikie mutu nyumbani.

Mwezi uliopita Jeancy alinipigia simu. "Mama, wamenipima tansio. Iko juu. Na mimi bia nakunywa kila siku."

Nilimwambia yote, hata habari ya glasi, ambayo nilikuwa sijamwambia yeyote ila daktari.

"Nimeacha, Mama," akasema. "Usikate simu."

Tukabaki hivyo hadi yunite zake za simu zikaisha.

Tunaokukumbuka: mimi mke wako Mwavita, watoto wako Jeancy na Joyeuse, mkwe wako Magloire, dada yako Miriam, na mjukuu wako Patricia, ambaye hukumuona.

Hakuna siku tutakayokusahau, Papa.