Asubuhi Walipovua Glavu

Mama Mkubwa,

Leo nimechoka. Si ule uchovu ambao wewe ulikuwa ukiniambia nikioga maji ya moto utaisha. Nimetoka kazini Aston, nimeshuka kwenye basi hapa Lozells, nimefungua mlango, na mdomo wangu umesema "Hodi" kabla sijakumbuka. Nyumba haikuitika. Nimekaa kwenye ngazi na koti langu mwilini, natafuta nguvu za kuvua viatu.

Nikaona nikuandikie. Kiswahili changu unakijua, cha mtoto aliyezaliwa Marseille na kufundishwa na mama yake jikoni. Utanisamehe palipopinda.

Kanga yako ya njano bado inaning'inia nyuma ya mlango. Siifui. Mwenye nyumba amekuja kuuliza, kwa adabu, nitahama lini. Mama anapiga simu kila jioni. Bado inamuuma kwamba viza yake haikutoka mapema na maziko hayakuweza kumngoja, ukazikwa yeye hayupo. Analia kidogo, anapenga kamasi, kisha ananiuliza lile lile: "Zuhura, huko sasa una nani?"

Nilikuja huku kwa sababu Ufaransa kila nilipoomba kazi sikuitwa, nawe ukamwambia Mama, "Mlete kwangu." Sikuja Birmingham, Mama Mkubwa. Nilikuja kwako. Sasa wewe hupo, na mji umebaki na mvua yake. Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua. Leo ningekwenda kazini mara ya mwisho, nimwambie Doreen, msimamizi wetu, kwamba naacha. Kisha ningekata tiketi ya kurudi kwa Mama.

Unaikumbuka siku yangu ya kwanza pale kiwandani? Sijui kama wafu wanacheka, lakini kama wanacheka, hiyo unaicheka mpaka leo. Kule nilikozaliwa, ukifika kazini humpiti mtu. Kila mmoja unampa mkono, hata usiyempenda, ndipo siku inaanza. Na nyumbani Mama alinilea hivyo hivyo, kwamba ukiingia penye watu unasalimia. Basi niliwakuta wenzangu wamesimama kwenye ule mkanda wa mashine unaopitisha sandwichi, wameshanawa, wameshavaa glavu. Nikaanza na wa kwanza. Nikawashika mikono mmoja baada ya mwingine, na yule mama wa mwisho, kwa kuwa alinitabasamia, nikambusu na mashavu.

Doreen alipiga ukelele kama ameona panya. Wote wakarudishwa kwenye sinki, glavu zikatupwa, mkanda ukasimamishwa. Akaniambia, "Bab, mikono hapa ni ya kazi. Salamu ziache getini." Bab! Hapa hata wakikugombeza wanakuita jina la kubembelezea. Tangu siku hiyo jina langu likawa Bonjour, ile salamu ya Kifaransa. "Bonjour, usinisogelee, nimeshanawa!" Na mmoja alikuwa kila nikipita anaficha mikono nyuma, eti namtia hasara ya sabuni.

Nilirudi kwako nikilia. Ulicheka mpaka ukashika meza. "Mtoto wa mdogo wangu! Watu wanagoma mwezi mzima kusimamisha kiwanda, wewe umekisimamisha kwa salamu!" Kisha ukanifuta uso kwa pembe ya kanga hiyo hiyo ya njano. "Usiache kusalimia. Kama mikono hawaitaki, wasalimie kwa majina." Nikayajifunza majina yao yote. Nilipokulalamikia kwamba watu wa huku wanakuuliza kama uko sawa halafu wanapita kabla hujajibu, ukaniambia nawe ulipofika ulimshika mwanamke mmoja kituoni ukaanza kumpa habari za nyumba nzima, kumbe basi lake limeshaondoka.

Naandika haya nacheka peke yangu kwenye ngazi. Halafu kicheko kinakwisha.

Asubuhi ya leo, siku yangu ya kwanza kurudi tangu nilipoomba ruhusa ya maziko yako, niliwahi. Nikanawa, nikavaa kofia ya wavu na glavu, nikasimama mahali pangu penye matango. Maneno ya kuaga nilikuwa nimeyapanga kichwani tangu kwenye basi. Doreen akaja. Nikafungua mdomo.

Akavua glavu. Ya mkono wa kulia, taratibu, kidole kwa kidole, akaiweka mfukoni. Akaninyooshea mkono.

"Pole, bab," akasema.

Mkono wake ni mkavu, Mama Mkubwa, na una joto. Sikuwa nimewahi kuujua. Nyuma yake akaja yule aliyekuwa akificha mikono. Naye amevua glavu. Nyuma yake mwingine, na mwingine, kwa mstari, kama watu walioambizana. Yule mama niliyembusu siku ile akanipa mkono, kisha akanipa na shavu. Mkanda ulikuwa umeshawashwa, vipande vya mikate vikapita mbele yetu vitupu, vikaenda kudondoka mwisho kule. Doreen aliviona. Hakupiga ukelele. Alingoja mpaka wa mwisho ameniachia mkono, ndipo akasema, "Haya, wote, sinki!"

Tukaenda. Kwenye foleni ya sinki mtu akanisukuma kwa kiwiko akanong'ona, "Bonjour, umetuchelewesha tena." Nikanawa mikono, na uso pia.

Sikumwambia Doreen kwamba naacha.

Jirani yako Mama Gurpreet hajambo, ila hana wa kuzungumza naye Kiswahili chake cha Kisumu. Siku ya hitima alikuja na birika la chai ya maziwa, akakaa chini mkekani katikati ya wanawake wa kwetu Unguja, na alipoulizwa yeye ni nani kwako akajibu, "Mimi rafiki yake ya ukuta." Kila asubuhi mlisimama pande mbili za ule ukuta wa uani mkatoleana habari. Siku ile ile alinivuta pembeni: "Chumba ya binti yangu iko tupu. Lete nguo, lete sufuria. Mimi hapana taka mtu ingine." Sikumjibu. Moyoni nilikuwa nimeshaondoka.

Nikimaliza kuandika nitakwenda kumjibu. Na Mama akipiga simu jioni, akiniuliza huku nina nani, nitamwambia kuhusu mikono ya leo. Atalia. Naye akitaka kuja kunitazama, chumba kipo.

Kwa heri, Mama Mkubwa. Mungu akupanulie ulipolala, akuepushe na baridi uliyoichukia. Kanga yako nahama nayo, nayo bado sitaifua. Na nakuahidi hili. Kila asubuhi kabla ya basi nitasimama ukutani, upande wake sasa, nimwamkie Mama Gurpreet shikamoo kama ulivyomwamkia wewe. Akiniitikia "Mzuri sana" kama alivyozoea kukuudhi, nitamkemea vile vile ulivyomkemea miaka yote: "We mama, nimekwambia sema marahaba!"

Mwanao,
Zuhura